Mkono Ndani ya Dubu

Ndugu yangu unayesoma, uso wako siujui, lakini nitasema nawe kama mtu tuliyekula naye sahani moja, maana humu nitataja makosa yangu na sipendi kuyataja mbele ya mtu baki. Nimechoka kuisimulia habari hii kwa mdomo. Juzi amekuja mwanamke kutoka Mtua, kwa miguu, mtoto mgongoni, mkono wa mtoto umefungwa kitambaa. Akasimama mlangoni. "Ni wewe mama mwenye mdoli?" Nikamwambia ndiye mimi, ingia. Nikaanza tena tangu mwanzo, na katikati ya maneno yangu mwenyewe nikasinzia. Akanigusa goti. "Mama, umefika pale mtoto anapolia." Niliona aibu. Ndipo nikasema, hii sasa niiandike.

Usitegemee makubwa kwenye kuandika kwangu. Shule ya mchana niliachia darasa la nne. Iliyobaki nimeimalizia ukubwani, darasa la jioni, nimekaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa kidevu.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea mwisho. Tulikaa Nachingwea, mimi, mume wangu, na binti yetu wa miaka mitano, mtoto mmoja tuliyejaliwa. Mume wangu alikuwa mtu wa mashine za kupulizia mikorosho, anazunguka mashamba ya watu, Chiola na kwingine, kwa hiyo nyumbani alikuwa anapita tu kama mgeni. Msimu wa korosho mimi na mtoto tukaenda Mandawa, upande wa Ruangwa, kumsaidia mama mkwe kuokota.

Alasiri moja nilikuwa nakaanga korosho za kula nyumbani. Kama hujui kazi hiyo nikueleze. Korosho na ganda lake unaiweka kwenye bati lililotobolewa matundu, juu ya mafiga, unageuza kwa kijiti kirefu. Ganda lina mafuta makali. Yakipata joto yanachuruzika motoni, na moto unaruka mpaka usawa wa kifua. Ndiyo maana mtu akikaanga haondoi macho. Mimi niliondoa. Daftari langu lilikuwa pembeni. Mwalimu wa darasa la jioni alitupa kazi ya likizo, barua ya kuomba kazi, na nilikwama kwenye anwani, sijui inakaa kulia au kushoto. Nikainamia daftari. Korosho moja ikaruka kutoka kwenye bati ikaanguka chini, bado inawaka. Binti yangu akaiokota kwa mkono wa kulia, akaifumbata, kama mtoto anavyofumbata kitu asinyang'anywe. Yale mafuta yananata kama lami. Alitaka kuiachia akashindwa.

Kilio chake sitakieleza.

Mama mkwe alikuja mbio kutoka shambani. Akafanya alivyofundishwa na mama yake: akapaka ute wa yai, akavikunja vidole ndani, akaufunga mkono kwa kipande cha kanga, ngumi kabisa, akakaza. "Mkono ukifungwa unalala," alisema. "Ukiachwa wazi unahangaika." Na mimi nilishika ncha ya pili ya kitambaa, tukafunga fundo pamoja. Likumbuke hilo, maana baadaye watu walimlaumu yeye peke yake, na mimi nilikaa kimya muda mrefu kuliko inavyofaa.

Siku ya sita tukasikia harufu. Tukapanda lori la korosho kurudi Nachingwea, mimi na mtoto na mama mkwe juu ya magunia. Hospitali, tabibu aliloweka kile kitambaa kwa maji ya chumvi, akakitoa kidogo kidogo. Alipofika kwenye vidole akanyanyua macho.

"Nani kafunga ngumi?"

Wote wawili tukatazama sakafu.

"Haya. Kidonda kitapona, kidonda sikiogopi. Lakini kovu linavuta. Likikomaa hivi, mtoto atakuwa na ngumi mpaka anakuwa bibi."

Mkono wa kulia, ndugu yangu. Ndio wa kulia chakula. Ndio wa kumpokelea mkubwa kitu. Ndio wa kalamu. Nilimuona binti yangu miaka ijayo kwenye shughuli za watu, amekaa pembeni, anakula kwa mkono wa kushoto amejifunika kanga asionekane.

Kidonda kilipokauka, tabibu akatupa kazi ya nyumbani. Paka mafuta, nyoosha kidole kimoja kimoja, mara tatu kwa siku, miezi. Akilala, mkono ufungwe kwenye kibao ukiwa wazi. "Ataumia, atalia, na wewe nyoosha," alisema. "Mkiacha, msinirudie mnalia nyinyi."

Nikaona nisisahau, basi nifuate sala. Nikimaliza alfajiri nanyoosha, nikimaliza adhuhuri nanyoosha, nikimaliza alasiri nanyoosha. Niliona nimepanga vizuri. Wiki ya pili, adhana ya adhuhuri ikasikika, nikageuka, mtoto hayupo. Nikamkuta chini ya kitanda, ameufumbata mkono wake tumboni. Alishajua sauti ile inaleta nini. Hilo liliniuma kuliko kovu. Mtoto wangu anaukimbia wito wa Mungu, na aliyemfundisha ni mimi.

Nikawa namvuta mguu kutoka chini ya kitanda. Analia, mimi nalia, majirani wanakohoa ukutani. Mama mkwe alikuwa amebaki kwetu kunisaidia, lakini kwenye hilo hakunisaidia. Alimchukua mjukuu wake mgongoni akatoka naye uani. "Mke mwenzangu, twende zetu," alimwambia, ndivyo alivyomwita, utani wa bibi na mjukuu. "Huyu mama yako kasoma barua mpaka mkono wako umeiva, sasa anataka kuung'oa." Siku nyingine nilimwacha aende naye, kwa sababu nilikuwa nimechoka. Maji nimechota mimi, kuni mimi, muhogo mimi. Kuna siku nililala kwenye sijida, nikaamshwa na kuku.

Mdoli wenyewe sikuununua. Nilinunua mashuka ya mitumba ya kuchana bandeji, muuzaji akanirushia na mdoli wa manyoya, nyongeza. Rangi ya udongo, jicho moja linaning'inia. Mama mkwe alimzuia mlangoni.

"Kama ni mbwa asiingie. Malaika hawaingii."

"Si mbwa, mama. Angalia, mkia hana."

"Basi ni kima. Kima kamaliza mahindi yangu miaka yote, leo nimlaze ndani?"

Mdoli akakaa nyuma ya mlango, anazuia upepo usiufunge. Mtoto hakumtazama hata mara moja.

Mwalimu wetu wa jioni alikuwa mwanamke wa Bukoba, serikali ilimleta huku kwetu, mtu wa maneno ya taratibu. Alipoona sikuhudhuria wiki mbili akaja nyumbani. Alifika baada ya adhana ya alasiri, kwa hiyo mtoto alikuwa chini ya kitanda na mimi nimepiga magoti nambembeleza. Mwalimu akavua viatu. Akamuokota yule mdoli nyuma ya mlango, akampangusa vumbi, akakaa mkekani, akamweka gotini, mkono mmoja nyuma ya shingo yake, mwingine kwenye kiwiko.

Halafu hakufanya kitu. Nikafikiri anapumzika. Mara nikaona tumbo la mdoli linapanda kidogo. Linashuka. Linapanda. Nilitaka kusema bismillahi. Kichwa kikageuka taratibu kuelekea kitandani, kikasimama, kikamwona mtoto, kikarudi haraka kifuani kwa mwalimu kama mtu aliyefumaniwa anachungulia. Chini ya kitanda kukawa kimya. Mdoli akajivuta juu kwa shida, akafika sikioni kwa mwalimu, akakaa pale.

"Aa," mwalimu akasema. "Hapana, hilo siwezi kumwambia."

"Anasema nini?" Ilikuwa sauti ya binti yangu.

"Anasema mkono wake unauma. Hataki nikwambie, anaogopa utamcheka."

"Simcheki." Kichwa kikatoka. "Ni mnyama gani?"

"Dubu. Mnyama wa nchi za baridi. Huku hana ndugu."

Siku ile mtoto alitoka chini ya kitanda mwenyewe. Mwalimu alimpaka dubu mafuta mkononi, dubu akatetemeka, akaficha uso, akauleta tena mkono. Binti yangu akaweka wake pembeni. Nilinyoosha kidole kimoja, kile cha shahada, na alilia, lakini hakukimbia.

Nikamsindikiza mwalimu mpaka barabarani. Nikamuuliza amejifunzia wapi uganga ule. Akacheka. Kabla hajahamishiwa huku aliwahi kupelekwa semina, walimu walikuwa wanafundishwa kusomesha watoto mambo ya afya kwa vikaragosi. Pale pale, tumesimama, akanishikisha dubu akaniambia nijaribu. Nikamrusharusha nikasema kwa sauti nyembamba, "Hujambo, hujambo!"

"Mama, unapepeta mpunga," alisema. "Mwache kwanza. Ana pumzi? Mpe pumzi. Wewe ukivuta, na yeye avute. Halafu macho. Hakuna kiumbe anageuka mwili kabla hajageuza macho. Asikie kwanza, ndiyo ajibu. Na usimtazame mtoto kuona kama anafurahi. Mtazame dubu. Wewe ukimtazama dubu, mtoto atamtazama dubu. Wewe ukitazama pembeni, umemuua."

Nikajifunza. Alfajiri, kabla nyumba haijaamka, nimekaa uani na dubu, nampa pumzi. Unaona kichekesho, mwanamke mzima. Kilichonishinda ni uzito. Dubu wangu alikuwa anaelea. Akitembea miguu haigusi chini, akikaa ni kama anapepea. Wiki nzima mwalimu ananiambia, "Hana uzito, mama." Halafu siku moja nilitoka kuchota maji mara nne, pampu ya karibu imeharibika, mabega hayana nguvu, nikamchukua dubu nikamkalisha na mkono wangu ukaanguka naye. Pu. Akakaa kama mzee aliyetoka shamba.

"Leo kapata uzito!" mwalimu akapiga makofi.

"Si uzito, mwalimu. Nimechoka."

"Basi chokea ndani yake."

Nikachokea ndani yake. Tangu siku hiyo dubu wetu alikuwa mnyama mchovu. Anapanda gotini kwa tabu, anapumua, anasahau alichotaka kusema. Mtoto alimpenda hivyo hivyo. Kuna mchana nilisinzia naye mkononi, nikaamka nimefunikwa kanga, mimi na dubu, na binti yangu anawafukuza nzi.

Moyo wangu haukuwa mweupe lakini. Kwenye chuo cha Kurani tulifundishwa habari ya mwenye kutengeneza sanamu, kwamba ataambiwa aitie roho na hataweza. Na mimi kazi yangu ya kila asubuhi ni kukipa kitambaa pumzi. Nikaenda kwa mwalimu wa madrasa, mzee wetu, nikamweleza nimeinama.

"Unamwambia mtoto huyu ana roho?"

"Hapana. Sijamwambia kitu. Anaona mwenyewe."

"Unamsujudia?"

"Astaghfirullah, mzee wangu."

"Basi ni kijiko cha dawa. Wakati wa sala mgeuzie uso ukutani. Na mkono wa mtoto usiuache."

Nikafanya hivyo. Adhana ikilia, binti yangu ndiye alikuwa wa kwanza kumgeuza dubu ukutani. Hakukimbia tena. Alikaa pembeni ya mkeka akinisubiri nitoe salamu.

Ili dubu afanye kazi vizuri nilimchana mgongo kwa wembe, nikatoa sponji yote ya tumboni na mikononi, nikabakiza kidogo kichwani. Kidole cha shahada kinaingia kichwani, gumba mkono mmoja, kidole cha kati mkono wa pili. Tundu la mgongo nililificha kwenye kanga yangu. Mtoto hakuliona. Niliapa hataliona.

Nilikuwa napima mkono wake kwa boksi la kiberiti. Nakipitisha kati ya kiganja na ncha za vidole. Mwanzo hakikupita hata kikilala. Baada ya wiki kadhaa kikapita kimelala, halafu kikapita ubavu. Nikasema alhamdulillahi, bado kusimama. Hapo pakakwama. Siku kumi, siku ishirini, ubavu tu. Kisha asubuhi moja hata ubavu kikabana.

Tabibu alipouangalia mkono hakufurahi. "Mama, wewe unauvuta. Sasa auvute mwenyewe. Vidole visipofanya kazi, kovu litashinda."

"Kazi gani, daktari? Mtoto wa miaka mitano."

"Sijui. Kazi yoyote anayoipenda."

Nikamwambia mwalimu. Alinitazama, akanitazama vidole vyangu, akaanza kucheka kidogo, cheko la kuhurumia.

"Aliye ndani ya dubu ndiye anayefanya mazoezi. Miezi hii yote umefanya wewe."

Kweli. Vidole vyangu vilikuwa laini kama vya binti. Dawa ilikuwa mkononi mwangu na nilikuwa nainywa mimi. Lakini kumpa dubu ni kumwonyesha tundu. Ni kumwambia yule aliyekuwa analia na wewe, anayeogopa na wewe, alikuwa mama yako muda wote, yule yule anayekuvuta mguu chini ya kitanda. Nilimwona anarudi kule chini na safari hii hatoki. Nikasema nitamwambia kesho. Nilisema hivyo siku nyingi, na kila siku kiberiti kinabana.

Sasa sikiliza kosa nililofanya. Dubu alikuwa ananuka mafuta ya nazi yaliyooza. Siku ya Alhamisi mtoto amekwenda kucheza kwa jirani, nikamfua dubu kwa sabuni ya kipande, nikamwanika. Juani akakauka juu, lakini mgongoni, kwenye tundu, bado mbichi. Mavumbi ya kiangazi unayajua. Nikamfunga kwenye kipande cha shuka jeupe, kilichobaki kwenye bandeji, mpaka kichwani, nikamlaza mkekani kwa ubavu, maana mgongo mbichi. Ubavu wa kulia. Nikachukua ndoo nikaenda kisimani. Sikufikiri kitu. Kichwa changu kilikuwa kwenye foleni ya maji.

Ndugu yangu, kwa mtaa ule mwezi ule tulikuwa tumezika kichanga cha jirani. Watoto waliona wote.

Narudi na ndoo kichwani nasikia kilio cha msiba kinatoka kwangu. Uani wanawake wanne, kanga vichwani, mmoja ana sinia la unga, mwingine tita la kuni. Mlangoni binti yangu amekaa chini, amejitandaa kanga yangu kama mtu mzima, analia, "Amekufa! Kavishwa sanda! Amekufa!" Na ndani, mkekani, kinaonekana kitu cheupe urefu wa mtoto mchanga, kimelazwa ubavu wa kulia kama maiti kaburini. Ndoo ilinitoka.

"Pole, shoga," jirani akanikumbatia maji yanachuruzika. "Hukutuambia hata kama una mimba."

"Mimba gani?"

"Sasa huyu wa nani?"

Mama mkwe alikuwa amefika kutoka dukani wakati huo huo. Alipita katikati yetu, akapiga magoti, akafunua lile shuka upande wa uso. Akatazamana na lile jicho linaloning'inia.

"Likima!" akasema. "Mmemlilia likima!"

Wanawake wakashika vinywa. Halafu mmoja akashindwa, akaanza kucheka mpaka akakaa chini, na wote wakafuata, isipokuwa yule aliyezika kichanga, ambaye alimshika binti yangu akamweka mapajani, na mimi namshukuru mpaka leo.

"Na unga wetu huu tufanyeje?" mwenye sinia akauliza.

"Songeni ugali, si kafufuka."

"Usiseme kafufuka, wewe!" mama mkwe akamkaripia. "Mnataka radi itupige?"

Lakini binti yangu hakucheka. Alisogea, akamwona dubu amelala bapa, tumbo halina kitu, halipandi wala halishuki, na tundu limeachama mgongoni. Akautia mkono wake mbovu kwapani, akaukunja. Sijawahi kuuona umekunjwa hivyo tangu siku ile ya kitambaa. Nikataka kumchukua dubu nitie mkono wangu haraka, nimpe pumzi, nimdanganye tena. Mama mkwe alinizuia kwa kiwiko.

"Mke mwenzangu," alisema, "njoo hapa. Uliwahi kuona kinyago kinacheza kule Mandawa?"

Mtoto akaitikia kwa kichwa. Alikiogopa sana, alinikojolea mgongoni.

"Kikimaliza kucheza kinakwenda wapi?"

"Porini."

"Porini kinavuliwa, kinalala chini hivi hivi, kama huyu. Hakijafa. Mtu katoka ndani, kaenda kula. Watoto hawaambiwi. Na sisi wanawake tunajifanya hatujui." Wale wanne wakachekea kwenye kanga. "Ukikua unaambiwa. Wewe leo nakwambia, umeshakua. Mtu wa ndani ya huyu kaenda kuchota maji."

Binti yangu akanitazama. Akaitazama ndoo, akautazama mkono wangu. Nilijua nimeshampoteza.

"Ndiyo maana alikuwa anasinzia," akasema.

Wanawake walicheka mpaka jirani wa ukuta wa pili akachungulia. Mama mkwe hakucheka. Alipanua lile tundu kwa vidole viwili akamsogezea. "Haya. Mwenye kinyago kachoka. Ingia wewe."

Mtoto akaingiza mkono, wa kulia, kama ulivyo, ngumi. Dubu akavimba shingoni kama mwenye donda koo, mikono inaning'inia.

"Mbona mikono haifanyi kazi?"

"Hujampelekea kidole. Mpelekee."

Nilikaa kwenye maji yaliyomwagika nikatazama. Niliona kitambaa kinatikisika kwa ndani. Gumba ndilo lilianza. Alikuwa anauma mdomo wa chini, machozi yanashuka, na hakuna aliyemvuta. Ilichukua muda, mwanamke mmoja akaenda kweli kusonga ugali, akarudi. Kisha mkono mmoja wa dubu ukanyanyuka, kidogo, kama mtu anayeomba kuuliza swali darasani. Binti yangu akapiga ukelele wa maumivu na wa furaha, sijui upi ulitangulia. Akapumzika. Halafu, bila kufundishwa na mtu, akamtazama dubu, si sisi, akavuta pumzi, na dubu akavuta pumzi.

Adhana ya alasiri ikalia. Akamgeuza uso ukutani, mkono wake ukiwa bado ndani.

Jioni ile, tunaosha vyombo vya watu waliokuja kwenye msiba wa dubu, mama mkwe akasema bila kunitazama, "Ngumi nilifunga mimi."

"Fundo tulikaza wote, mama. Na korosho niliacha mimi."

Hatukurudia tena maneno hayo mpaka Mungu alipomchukua.

Kazi haikuishia hapo, usidhani. Ilikuwa mwaka na zaidi, kila siku, dubu akipiga makofi, akiokota maharage, akimpokea bibi kikombe kwa mikono miwili. Kiberiti kilisimama wakati wa korosho uliofuata. Kidole cha mwisho kilikataa, kimepinda mpaka leo, na kalamu anaishika kwa namna yake. Lakini anakula kwa mkono wa kulia. Sasa yuko sekondari, ananirekebishia barua zangu, na anwani kumbe inakaa kulia.

Watoto wa watu wameendelea kuja, wa moto, wa mafuta, wa uji. Dubu nimemtia viraka mpaka manyoya yamebaki kichwani tu. Mimi nimepita arobaini, magoti yananiuma, na kuna siku nikisikia hodi natamani wakute sipo. Nafungua.

Kwa hiyo nakuomba. Karatasi hii usiiweke. Mpe mwenzio anayekwenda kliniki akasome kwenye benchi, na wasiojua kusoma wasomewe, na bibi asiyesikia Kiswahili vizuri aambiwe kwa Kimwera au Kimakonde au Kiyao chake, kwamba mkono wa mtoto ukiungua usifungwe ngumi, upelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na ukishapona ukaanza kukunjika, mdoli wowote, hata soksi, ila mkono wa ndani uwe wa mtoto, usiwe wako. Na ukimsimulia mtu, ukifika pale mtoto anapolia, usisinzie kama mimi. Mfikishe mpaka dubu anaponyanyua mkono.